William Carey: namna alivyoshukuru nyuma ya moto



Katika nambari hii ya gazeti letu tumeona vema kuleta habari ya mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana katika makanisa mengi ya Waprotestanti, lakini maisha yake wengi wetu hatuyajui sana. Ni William Carey, Mwingereza aliyeishi India miaka 40 na kufa kulekule. Tumemchagua kwa sababu moja. Kati yetu wako wengi wanaosoma mbali na wazazi. Wako waliotoka vijiji vya mbali, wako waliokimbia vita, wako walioanguka katika mtihani na sasa wanakaa tena katika darasa lilelile pamoja na wadogo wao. Ukimwendea mtu wa namna hiyo na kumwambia ashukuru Mungu, pengine atakuangalia kwa macho makali tu, na tuseme kweli, hatakuwa na kosa. Basi tulitaka kujua: mtu aliyepoteza kazi ya miaka mingi kwa usiku mmoja, tena katika nchi isiyo yake, alishukuru juu ya nini?

FUNDI WA VIATU

William Carey alizaliwa tarehe 17 Agosti 1761 katika kijiji cha Paulerspury, katikati ya Uingereza. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, kisha akawa mwalimu wa kijiji. Nyumba yao haikuwa na mali. Kijana alipenda shamba, alikusanya majani, maua na wadudu, lakini alikuwa na ugonjwa wa ngozi uliomkataza kukaa juani. Kwa hiyo walimpeleka kwa fundi ajifunze kushona viatu, naye alikuwa bado mtoto wa miaka 14 hivi.

Pale kwa fundi alipata mambo mawili. La kwanza, kijana mwenzake wa kazi alimvuta kwa Kristo. La pili, alianza kujifunza lugha. Hakuwa na masomo makubwa, hakuwa na profesa. Aliweka buku karibu na viatu, akashona na kusoma, akashona na kusoma. Hivi ndivyo alivyojifunza Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, na nyuma yake Kiholanzi na Kifaransa. Alipokuwa mwalimu na mchungaji katika kijiji cha Moulton, alitundika ukutani karatasi kubwa ya dunia na kuandika juu yake habari za kila nchi: watu wake, hesabu yao, dini yao. Watoto walijifunza jeografia, lakini mwalimu mwenyewe alikuwa akiomba juu ya zile nchi.

Mwaka wa 1781 alimwoa Dorothy Plackett, msichana wa jirani ambaye hakujua kuandika. Siku ya ndoa alitia alama ya msalaba pahali pa jina lake. Tunaomba msomaji asimsahau huyu mama, kwani tutarudi kwake.

Mwaka wa 1792 Carey alitoa buku dogo la kuwaonyesha Wakristo kama wana deni la kupeleka Injili katika mataifa yote. Tarehe 2 Oktoba mwaka uleule, wachungaji wachache wa Kibatisti walikutana katika nyumba ya mjane mmoja, katika mji wa Kettering, wakaanzisha chama cha misioni. Ahadi zao za kwanza zilikuwa paundi 13 na kidogo. Hata safari ya mtu mmoja hazikutosha. Lakini mwaka uliofuata Carey mwenyewe akasema yuko tayari kwenda.

MIAKA 7 BILA MAVUNO

Dorothy kwanza alikataa. Alikuwa na mimba, hakuwa amepata kuona hata bahari. Meli ikakawia, mtoto akazaliwa, wakamsihi tena, na mwisho akakubali kwa sharti moja, kwamba dada yake aende naye. Tarehe 13 Juni 1793 walipanda meli ya Denmark, na mwezi wa Novemba wakafika Calcutta, katika jimbo la Bengal.

Kuanzia pale mambo yalikuwa magumu kabisa. Ile kampani ya biashara ya Waingereza iliyotawala inchi haikutaka wamisionere. Feza walizobeba ziliisha upesi. Walihama kutoka pahali mpaka pahali, hata wakakaa karibu na msitu wenye chui wakubwa na maji ya chumvi. Dorothy na watoto wakashikwa na ugonjwa wa tumbo. Mwaka wa 1794 Carey alipata kazi ya kusimamia kiwanda cha rangi ya nili katika kijiji cha Mudnabatti, na kumbe pale ndipo msiba ulipowangoja. Mwezi wa Oktoba mtoto wao Peter, mwenye miaka 5, alikufa kwa homa. Watu wa pale, sababu ya desturi zao juu ya maiti, waliogopa kusaidia, hata kumpata mtu wa kuchimba kaburi ilikuwa shida.

Moyo wa Dorothy ulivunjika, na akili yake pia. Kuanzia mwaka wa 1795 alikuwa mgonjwa wa akili, na hakupona mpaka alipokufa mwezi wa Desemba 1807. Miaka ile yote Carey alifasiri Maandiko katika chumba kimoja, na katika chumba cha pili mke wake alikuwa akipiga kelele. Leo watu wengi wanauliza kama alifanya vema kumchukua mke asiyetaka na kumpeleka mbali hivi. Sisi pia tunauliza. Hatutaki kumfanya Carey malaika. Yeye aliitika wito wake, lakini Dorothy aliulipa kwa njia ambayo hakuichagua.

Tena kwa habari ya mahubiri, hakuna hata Mhindi mmoja aliyebatizwa kwa miaka 7. Mwaka wa 1800 Carey alihamia Serampore, mji mdogo ulio kando ya mto Hooghly, karibu kilometa 25 kutoka Calcutta. Wakati ule mji ulikuwa chini ya Denmark, ndiyo maana wamisionere walipata kibali cha kukaa. Wenzake wawili walikuwa Joshua Marshman, mwalimu, na William Ward, mpiga chapa. Waliishi pamoja, wakatia mapato yao yote katika sanduku moja. Na tarehe 28 Desemba 1800, Krishna Pal, fundi wa mbao, alibatizwa mtoni pamoja na Felix, mwana wa kwanza wa Carey. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini siku ileile Dorothy alikuwa amefungiwa chumbani sababu ya ugonjwa wake. Furaha na huzuni zililala katika nyumba moja.

Tumeeleza haya kwa urefu, ili msomaji aone kama Carey hakuanza kujifunza kushukuru siku ya moto. Alikuwa katika ile shule tangu zamani.

USIKU WA TAREHE 11 MACHI 1812

Miaka 12 ilipita. Serampore palikuwa sasa na nyumba kubwa ya kupiga chapa. Agano Jipya la Kibengali lilikuwa limetoka tangu 1801. Carey alikuwa pia akifundisha lugha katika koleji ya serikali kule Calcutta, na mshahara wake karibu wote uliingia katika kazi. Wataalamu wa Kihindi walikaa naye kila siku wakichunguza maneno. Wahunzi wa Kihindi walichonga herufi. Wa kwanza wao alikuwa Panchanan Karmakar, na nyuma yake mkwe wake Manohar.

Inafaa tueleze namna herufi zilivyofanywa, kwani habari yetu inasimama pale. Mhunzi alichonga herufi moja kwenye ncha ya kipande cha chuma kigumu. Kisha alikipiga kile chuma katika shaba, na shaba ikabaki na shimo lenye umbo la herufi. Katika shimo lile walimimina risasi iliyoyeyuka, na ikipoa wanapata herufi ya kuchapia. Lugha kama Kibengali inahitaji mamia ya vyuma hivyo, kwa sababu herufi zake zinaungana kwa namna nyingi. Sasa piga hesabu: Serampore palikuwa na herufi za lugha 14 za Mashariki.

Jumatano tarehe 11 Machi 1812, karibu saa kumi na mbili ya jioni, Ward alikuwa bado kwenye meza yake. Akaona moshi kutoka chumba cha karatasi. Akaita watu, wakafunga milango na madirisha ili moto ukose hewa, wakatoboa juu na kumimina maji. Kwa saa kadhaa walifikiri wataushinda. Kisha mtu mmoja, kwa haraka ya kusaidia, akafungua dirisha. Hewa ikaingia, moto ukaruka na kushika nyumba nzima. Kati ya usiku paa likaanguka.

Hakuna mtu aliyekufa. Lakini nyumba ilikwisha. Zaidi ya rimu 1,000 za karatasi ziliungua. Herufi za risasi ziliyeyuka na kutiririka chini kama uji. Na mabaya kupita yote, maandiko ya mkono yaliungua: sarufi za lugha mbalimbali, sehemu za tafsiri, na kamusi kubwa ya lugha nyingi za India ambayo Carey aliitumikia kwa miaka mingi. Hakukuwa na nakala ya pili. Hasara ilihesabiwa karibu paundi 10,000, nazo zilikuwa feza nyingi sana kwa wakati ule.

Carey hakuwapo. Alikuwa Calcutta juu ya masomo yake. Alhamisi asubuhi Marshman alikwenda kumletea habari, na alipoisikia hakuweza kusema neno. Jioni walifika pamoja Serampore. Carey akatembea katika majivu yaliyokuwa bado na moto, na machozi yakamtoka. Tunapenda msomaji akumbuke jambo hili. Wako watu wanaofikiri Mkristo wa kweli halii. Carey alilia kwanza.

KUHESABU KILE KILICHOBAKI

Lakini tangu asubuhi Ward na wafanyakazi walikuwa wameanza kuchimba katika majivu. Na walipochimba wakakuta vile vyuma vya kuchongea herufi, maelfu, vilikuwa vizima. Moto uliyeyusha risasi, haukuweza kuyeyusha chuma. Mashini 5 za kuchapia zilikuwa katika chumba cha kando, nazo zikaokoka. Hata risasi yenyewe haikupotea. Iliganda tu chini, ikaweza kukusanywa na kuyeyushwa tena. Karibu na pale palikuwa na ghala kubwa la misioni, ambalo mpangaji wake alikuwa ametoka siku chache tu mbele ya moto. Nyumba mpya ilikuwa tayari mbele ya ile ya zamani kuanguka.

Basi hapa tunapata jibu la ulizo letu la kwanza. Carey na wenzake hawakushukuru juu ya moto. Hatukuona pahali waliposema moto ni kitu kizuri au hasara ni ndogo. Walishukuru juu ya vitu walivyoweza kuvihesabu: watu wote wazima, vyuma vizima, mashini 5, ghala, na nguvu ya mikono ya wahunzi waliokubali kufanya kazi mchana na usiku. Shukrani yao ilikuwa na orodha.

Jumapili iliyofuata Carey alihubiri Calcutta juu ya Zaburi ya 46, pale Mungu anapowaambia watu wake watulie na kumjua yeye. Alifundisha mambo mawili: kwamba Mungu ana haki ya kufanya apendavyo na kazi yetu, hata ile tunayoifanya kwa jina lake, na kwamba inatupasa kukubali. Tena alijichunguza moyo, akaona kama pengine walikuwa wameanza kutegemea mabuku na mashini kupita kumtegemea Bwana. Hakutafuta mwenye kosa. Hata jina la yule aliyefungua dirisha, habari tulizosoma hazikulitaja.

Kisha wakarudi kazini. Nyuma ya majuma machache herufi za kwanza zilikuwa tayari. Carey akaanza kufasiri tena mambo aliyokuwa amekwisha kuyafasiri. Aliwaandikia marafiki kama njia uliyokwisha kuipita mara moja inapitika kwa urahisi zaidi mara ya pili, na kama alitumaini tafsiri mpya itakuwa bora kuliko ile iliyoungua. Wanafunzi wenzetu mnaorudia darasa, tafadhali someni tena maneno haya polepole.

Barua ilitumia karibu miezi 6 kutoka India mpaka Uingereza. Habari ya moto ilifika kule mwezi wa Septemba 1812. Wabatisti, Waanglikana na wengine wakatoa sadaka, katika miji na vijiji, matajiri na maskini. Kwa miezi miwili hivi hasara yote ilikuwa imelipwa, hata Andrew Fuller, katibu wa chama, akawajulisha watu kwamba inatosha. Kumbe mbele ya moto watu wengi hawakujua kinachofanyika Serampore. Moto ndio uliowaonyesha.

MAMBO AMBAYO HAYAKURUDI

Tungeweza kumaliza pale, na habari ingependeza sana. Lakini haitakuwa kweli yote. Ile kamusi kubwa ya lugha nyingi haikurudi. Carey alikuwa na miaka 50, hakupata tena wakati wa kuianza. Dorothy hakurudi. Peter hakurudi. Tena tafsiri nyingine za Serampore zilifanywa kwa haraka, na wengine waliofuata walilazimishwa kuzifanya upya. Shukrani ya Carey haikufuta mambo haya. Ilimpa tu nguvu ya kuishi nayo bila kuwa na uchungu juu ya Mungu na juu ya watu.

Na alifanya mengi nyuma ya moto. Mwaka wa 1818 yeye na wenzake walifungua Koleji ya Serampore, iliyopokea Wakristo na wasio Wakristo, nayo ingaliko hata leo. Mwaka wa 1829 serikali ilipokataza ile desturi ya kuwachoma wajane pamoja na maiti za waume wao, Carey ndiye aliyepewa sheria aifasiri katika Kibengali. Ilimfikia siku ya Jumapili, naye akaacha mahubiri kwa mtu mwingine na kuketi kuifasiri siku ileile, kwani kila saa ya kukawia ingeweza kuwa kifo cha mjane mmoja. Kabla ya kufa aliona Biblia nzima katika lugha 6, na sehemu zake katika lugha nyingine zaidi ya 20. Alikufa Serampore tarehe 9 Juni 1834, na miaka 72. Hakurudi Uingereza hata mara moja.

SISI JE?

Habari hii haiko mbali nasi kama tunavyofikiri. Chama kile kilichoanza Kettering kwa paundi 13 ndicho kilichowatuma George Grenfell na Thomas Comber katika Kongo mwaka wa 1878, na mwishoni mwa karne ile kikafungua misioni ya Yakusu karibu na Kisangani. Kama ile kazi ya India ingekufa katika majivu ya mwaka wa 1812, pengine hata kwetu habari ingekuwa nyingine.

Sisi wa gazeti hili tunajua kidogo kupoteza kazi. Karatasi ikipasuka, wino ukimwagika, tunaanza tena na tunanungunika. Ni kitu kidogo sana. Wenzetu wamepoteza mambo makubwa: nyumba, ndugu, mwaka wa masomo. Hatuna haki ya kuwaambia kama si kitu. Lakini tunaweza kukaa karibu nao wanapolia, kama Marshman aliyesafiri asubuhi ili rafiki yake asisikie habari ile mbaya kwa mtu mwingine. Na nyuma ya machozi tunaweza kuchimba pamoja nao katika majivu na kuuliza: chuma gani kimebaki? Labda ni mama anayeuza sokoni ili mtoto asome. Labda ni mwalimu anayeeleza hesabu mara ya tatu. Labda ni akili yenyewe, kwani kitu ulichojifunza mwaka uliopita hakikuungua.

Tunawaomba wasomaji wetu jambo moja kwa juma hili. Kila mmoja achukue kaye yake, aandike kwa upande mmoja kitu alichopoteza, bila kukipunguza. Kwa upande wa pili aandike vile vilivyobaki, kimoja kimoja. Kisha apige magoti na ile karatasi, amwambie Mungu pande zote mbili.

Bwana awabariki.

Kamati ya gazeti